Mbwa wa Kuazima

Jumamosi, 27 Desemba

Nimenaswa! Binti yangu Wakili (miaka saba, tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kushindwa kesi humu ndani) ameniwekea ripoti ya shule mezani. Wa tatu darasani. Kisha akanikumbusha kwa upole kwamba mimi mwenyewe, mbele ya mashahidi, niliahidi mtoto wa mbwa siku atakapofaulu hesabu. Niliahidi! Lakini wakati ule alikuwa anashika mkia. Nani angejua?

Mimi na mbwa hatuivi chungu kimoja. Mimi ni fundi wa makochi. Nimejitengenezea kiti changu cha sebuleni kwa mabaki ya mahameli ya wateja, sponji ya daraja la kwanza, vifungo nimevishona kwa mkono. Haketi mtu pale ila mimi. Mbwa na kiti kile? Thubutu!

Ila kichwa changu si cha kufugia nywele tu. Jirani yetu, nesi mstaafu, anasafiri kwa mwaka mpya na hana wa kumwachia mbwa wake, Jenerali. Jenerali! Anayekula nguo kwenye kamba. Aliyempandisha msoma mita juu ya ukuta. Nitamwazima. Siku chache tu na wanangu wataniomba kwa machozi nisilete mbwa tena maishani.

Nimemweleza mke wangu kwamba ni ujirani mwema. Akaniangalia kama daktari anavyoangalia eksirei mbaya.

Jumapili, 28 Desemba

Jenerali kafika. Mkubwa kama ndama. Kitu cha kwanza, kanywa maji ya ndoo ya kudekia, yote, na povu lake. Nilijibanza mlangoni nikisubiri mayowe ya watoto.

Hakuna mayowe. Mwanangu mdogo, Bwana Kwanini (miaka minne, jina linajieleza), kamzunguka mara moja, kauliza kwa nini ana nyusi, kisha kamkumbatia shingo. Wakili akasema, “Kaa.” Jenerali akakaa. Nikasema mimi, “Kaa.” Jenerali akapiga miayo.

Jioni nilimkuta kwenye kiti changu. Amejikunja vizuri, kidevu kwenye mkono wa kiti, ndivyo ninavyokaa mimi hasa. Nikamwamuru ashuke. Nikamwomba ashuke. Nimekula chakula cha usiku kwenye kigoda.

Jumatatu, 29 Desemba

Kosa nimeliona. Watoto wanaonja utamu tu, shubiri hawajaionja. Dawa ni kazi! Nikatangaza: anayetaka mbwa lazima amwogeshe. Nikawapa beseni, sabuni na brashi, nikasimama pembeni nimekunja mikono, nikingoja wakate tamaa.

Haijapata kutokea furaha kama ile uani petu. Walilowa, walicheka, Wakili aliimba. Mke wangu akatoka kuona kuna nini, akakunja gauni akaingia na yeye. Sijamsikia akicheka vile tangu tulipohamia nyumba hii. Nikajikuta nacheka. Nikajikemea.

Jenerali alingoja mpaka nikamsogelea ndipo akajikung'uta. Kisha, amelowa vile vile, akakimbilia ndani. Sihitaji kuandika alikwenda kukaa wapi.

Jumanne, 30 Desemba

Nimekumbuka silaha ya mwisho. Mama mkwe! Mama mkwe anaogopa mbwa kupita kiasi. Kwenye arusi yetu alisimama juu ya meza ya keki kwa sababu ya kijibwa kisichozidi kiatu. Akija hapa na kumkuta Jenerali, itakuwa bibi au mbwa, na hakuna atakayethubutu kuchagua mbwa.

Nikampigia simu nikamsihi aje kesho, ale nasi mwaka mpya. Mke wangu akasikia. Mimi, kumwita mama yake, bila kulazimishwa! Machozi yalimlenga. Akaniambia kumbe nina moyo mzuri, naficha tu. Nilijisikia kama mwizi aliyepewa zawadi.

Jambo jingine, naliandika kwa shingo upande. Bwana Kwanini halali bila taa na bila mmoja wetu kukaa miguuni pake. Leo kalala mwenyewe, taa imezimwa, mkono wake umening'inia kwenye manyoya ya Jenerali. Mke wangu akaninong'oneza, umeona? Nikasema nimeona. Sikutaka kuona.

Jumatano, 31 Desemba

Mama mkwe kaingia na kikapu chake, kamwona Jenerali, kapiga ukelele, na kwa umri wake wote karukia juu ya kiti changu. Na viatu! Niliumia, lakini nilivumilia. Mpango unakwenda.

Nikavaa uso wa huzuni. Nikawaeleza watoto kwamba afya ya bibi ni jambo zito na kwamba, kwa masikitiko makubwa, Jenerali itabidi alale kwa fundi baiskeli wa mtaa wa pili. Nilikuwa katikati ya hotuba fataki zikaanza kulia mtaani. Jenerali akachomoka, akajisukuma chini ya meza, akaanza kutetemeka mpaka vikombe vikagongana.

Wakili akasema, “Bibi, tazama. Na yeye anaogopa. Anaogopa kuliko wewe.”

Mama mkwe akachungulia. Akashusha mguu mmoja. Akashusha wa pili. “Maskini,” akasema, “kumbe jitu zima namna hii na wewe unaogopa?” Akavua shali yake akamfunika kichwa.

Saa hizi wote wawili wako kwenye kiti changu. Mama mkwe anamsimulia habari za presha yake.

Alhamisi, 1 Januari

Mwaka mpya, mbinu mpya. Mbwa ataiba kuku wa sikukuu! Mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya ukoo mzima! Nikachukua sinia la kuku aliyeokwa, mke wangu amemhangaikia tangu alfajiri, nikaliweka kwenye meza fupi karibu na pua ya Jenerali. Nikatoka. Nikangoja. Kimya.

Nikachungulia. Jenerali alikuwa akimtazama kuku yule kwa heshima, kama mlinzi wa benki. Nikaingia nimsogezee zaidi. Nikanyata. Nikajikwaa kwenye mkia wake.

Walipofika mbio nilikuwa chali, kuku yuko kifuani, mchuzi usoni, na Jenerali ananilamba. Mama mkwe akapaza sauti kwamba jamani, mbwa huyu anamzindua baba watoto! Wakampigia Jenerali makofi.

Tulikula mkate na kachumbari. Watoto wanasema haijapata kuwa sikukuu tamu kama hii. Mama mkwe alisimama akamshukuru Jenerali kwa maneno mazuri. Mimi nilitajwa mara moja tu, ilipozungumzwa habari ya kuku.

Ijumaa, 2 Januari

Nesi kaja kumchukua mbwa wake. Hatimaye! Watoto hawakulia, na hilo ndilo lililonichoma. Walisimama tu mlangoni wameshikana mikono. Jenerali akagoma kushuka kitini. Nesi akaita, Wakili akaita. Mwishoni nikamsogelea mimi, nikamwambia polepole, “Nenda, bwana. Kwenu kunakungoja.” Akanitazama. Akashuka. Mara ya kwanza kunitii!

Nyumba kimya. Kiti ni changu tena. Nilikaa, nikainuka. Nikachukua ufagio nifagie manyoya. Bwana Kwanini akaja kuniuliza kwa nini nafagia mahali pamoja tu. Nikamwambia vumbi. Akauliza kwa nini vumbi liko machoni.

Nikamkimbilia nesi hadi getini kwake, nikamuuliza kama anamfahamu mtu yeyote mwenye watoto wa mbwa. Aliniangalia akacheka, akasema alidhani nisingeuliza kamwe.

Jumapili, 4 Januari

Kijibwa kimefika. Kimeshakojolea kiti changu. Sawa tu. Nimeshindwa kiume, na kwa kweli tumbo lake lina joto zuri.

Lakini balaa jipya! Wakati wa chai Wakili alisimama akatangaza kwamba yeye na mdogo wake wamekaa kikao, na sasa wanaomba mtoto mchanga. Nikamgeukia mke wangu tucheke pamoja. Hakucheka. Alikuwa anatabasamu, ananitazama, anakoroga chai isiyo na sukari.

Nilitoka jasho. Kisha, ghafla, mwanga! Dada yangu ana mapacha. Wanaota meno. Wanalia kwa zamu kama walinzi wa kiwanda, mmoja akitoka mwingine anaingia. Nitawaazima! Siku mbili tu, na hakuna mtu humu ndani atakayetamka neno “mtoto” tena.

Nimeshampigia. Hakuuliza sababu. Aliuliza tu kama siku mbili zinaweza kuwa nne. Nikamwambia hata wiki nzima, dada, bila wasiwasi. Safari hii nimefikiria kila kitu.