Nyundo ya Kila Siku ya Tatu

Mheshimiwa Spika Haugdahl,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa mke wa mjumbe wako Arvid Tollefson, na pia kutoka kwa mwalimu wako wa zamani wa shule ya Jumapili, maana ni mtu yuleyule. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu tangu Juni hupokei simu zangu.

Kama ujuavyo, Katiba ya jimbo letu inasema Baraza la Wawakilishi lisiahirishe vikao zaidi ya siku tatu bila ridhaa ya Seneti, Jumapili haihesabiwi, wala lisihamie mahali pengine. Mwezi wa Mei ninyi mliwanyima Seneti ridhaa ya kwenda likizo, nao wakawanyima ninyi. Mkaondoka hivyohivyo, kila mmoja kwenye ziwa lake la kuvulia samaki, mkamwachia mume wangu nyundo ya Spika kwa kosa la kuishi mitaa minne tu kutoka jengo la Bunge. Tangu hapo, kila Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi, Arvid anavaa tai, anaingia ukumbi mtupu, anagonga meza na kusema, "Baraza limekaa. Baraza linaahirishwa." Anagonga tena, anarudi nyumbani. Nimepima kwa saa ya jikoni: sekunde kumi na moja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Binti yetu Marit alijifungua huko Oregon mwezi huohuo wa Mei. Mtoto anaitwa Sunniva, ndiye mjukuu wetu wa kwanza, na sijamshika hata mara moja. Kwa gari ni siku mbili na nusu, kwenda tu, na Arvid hapandi ndege. Hesabu mwenyewe, Mheshimiwa. Ulikuwa hodari wa hesabu kuliko wa kutulia kitini. Mtoto ameshaanza kucheka. Juzi Marit kaniambia fizi zinamwasha. Meno yatatoka mimi sipo, kwa ajili ya sekunde kumi na moja! Naumia, na naandika wazi kwamba naumia.

2. Nilimshauri Arvid abebe nyundo akagonge kwa Marit. Alishtuka utadhani nimemwambia akaibe benki. "Mahali pengine, Verna? Katiba inakataza!" Nikasema basi Baraza lipitishe azimio kwamba sebule ya Marit ni sehemu ya jengo la Bunge. "Lipitishwe na nani? Mle ndani niko peke yangu!" Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu mrudi nyote themanini, siku moja tu, mpitishe azimio hilo. Sebule ina zulia zuri.

3. Kama hilo ni gumu, agonge bawabu Delbert. Ndiye mtu pekee anayekuwapo, na maneno yote ameyakariri. Alipojitolea, Arvid alimjibu, "Wewe hukuchaguliwa na mtu, Delbert." Delbert naye hakumkopesha: "Na wewe ulichaguliwa na nani, mzee? Mpinzani wako alihama jimbo." Naona hoja ya Delbert ina uzito.

4. Kwa kuwa hakuna anayenisikiliza, nimeileta Katiba nyumbani. Nyumba yetu sasa ina mabaraza mawili, na mimi ndiye Seneti. Mwenzangu haondoki mezani bila ridhaa yangu. Jana usoni kabadilika, akasema, "Naomba kuahirisha kidogo, nakwenda chooni."

"Mpaka saa ngapi?"

"Verna, acha utani bwana!"

"Hoja inaungwa mkono?"

Akamtazama mbwa. Mbwa hakuunga mkono. Arvid alikaa mpaka viazi vikapoa, ndipo akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye anataka kumwona mtoto. Kumbe anayo picha yake kwenye mfuko wa koti, na kila mara kabla ya kugonga humwonyesha Delbert. Nilimpa ridhaa papo hapo, nikaenda kulia jikoni.

5. Nauliza hivi: asipogonga, kutatokea nini? Nimemuuliza Arvid mara tisa. Anasema, "Haijawahi kutokea." Wewe ulinipa jibu hilohilo ulipokuwa na miaka saba, nilipokukuta juu ya paa la kanisa nikakuuliza ukianguka itakuwaje. Jumapili iliyofuata ulianguka, na ibada ikaendelea.

Kwa hiyo naomba ugongaji huu ufutwe kabisa, maana hauna faida kwa kiumbe yeyote aliye hai.

Msalimie mkeo, wasalimie wajumbe wote popote walipotupa ndoano zao, na hata Seneti, kama mmeanza kusalimiana.

Ni mimi, mtii wa Katiba kuliko wengi,
Verna Tollefson

Baada ya sahihi: Barua hii niliiandika Alhamisi, na naitia posta leo, wiki ya tatu tangu hapo, nikiwa Oregon. Ile Ijumaa Arvid aligonga, akasema, "Baraza limekaa," akaitazama picha, akatoka nje na nyundo mkononi bila kuahirisha. Alinikuta nimeshawasha gari. Kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa: Baraza lako limekaa tangu siku hiyo, Delbert anawasha taa kila asubuhi, na ninyi ndio watoro. Tena naomba uifute sentensi yangu kuhusu faida. Sunniva analia mno kwa fizi, hatulizwi na wimbo wala maziwa, lakini babu yake akigonga meza tu, ananyamaza, jambo ambalo Baraza halijawahi kulifanya. Basi utaratibu uachwe kama ulivyo, na Seneti wasiharakishe ridhaa. Nyundo mtarudishiwa. Mkiona alama mbili kwenye mpini, msiulize. Ni meno yake ya kwanza, na yalipotoka nilikuwapo.