Kompyuta ya Mama na Sauti ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Kompyuta ya sebuleni haiwaki. Naandika haya kwa utulivu, kama mtu asiye na hatia.

Ilikuwa nzito. Unabonyeza kitu, unakwenda kuchemsha chai, unarudi, bado inatafakari. Siwezi kuandika tasnifu kwenye mashine inayofikiri polepole kuliko mimi. Nikaona niipunguzie mzigo. Nikaingia ndani kabisa, kule ambako watu wa kawaida hawafiki, nikakuta mafaili yenye majina ya ajabu ajabu, herufi na tarakimu tupu. Hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuyafungua. Nikayafuta. Kompyuta ilinionya. Nikaona inanidharau.

Nilipoiwasha tena, kioo cheusi. Mstari mmoja mweupe unaosema kuna kitu inakitafuta na haikioni. Inajizima, inajiwasha, inasema tena vilevile. Kama mtu anayerudia kupapasa mfuko ambao ameshaukuta mtupu.

Ningecheka, ila humo ndani yumo Mama.

Mama ni muuguzi. Anastaafu mwezi huu, na Ijumaa ya wiki ijayo wenzake wa hospitali wanamuaga. Anaongoza kwaya ya wafanyakazi na hajui kusoma nota. Hutunga hivi: anafunga mlango wa sebule, anaiimbia kompyuta sauti ya kwanza peke yake. Kesho yake sauti ya pili. Halafu ya tatu. Ya nne anaiimba kidevu kikiwa kifuani, ili aifikie kule chini. Kwaya inasikiliza na kufuata. Wimbo wa kuaga aliurekodi mwaka jana, kabla ya kupasuliwa koo. Tangu upasuaji ule sauti yake haipandi tena juu. Inafika mahali inakatika, naye anakohoa na kujifanya kikohozi ndicho kilichotangulia.

Kwa hiyo mpango wake ni huu: siku hiyo kwaya iimbe sauti tatu za chini, na ile ya kwanza itoke kwenye spika. Yeye mwenyewe, wa mwaka jana, akiimba nao kwa mara ya mwisho.

Nakala hakuna kwingine. Nimefunika kompyuta kwa kitambaa chake cha kufuma. Inapendeza.

Jumanne, 4 Machi

Mama karudi kutoka zamu, akataka kusikiliza wimbo wake. Nikamwambia soketi ya pale ina hitilafu, inaweza kumrusha mtu. Akanishukuru kwa kumjali. Natoka jikoni, namkuta anapiga pasi sare yake kwenye soketi hiyohiyo. Akasema mbona inachapa kazi vizuri.

Nikasema basi tatizo ni kompyuta yenyewe. Imechoka, iachwe ipumzike. Mama akanitazama. Akasema yeye kasimama wodini tangu sijazaliwa. Hicho kinachokaa mezani kimefunikwa kitambaa, kimechoshwa na nini?

Kisha akatamka neno nililokuwa naliogopa. Ampigie shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Mfamasia. Mfukoni mwa shati, pale ambapo wenzake huweka kalamu, yeye huweka bisibisi. Ameshatengeneza bomba letu, feni yetu na kengele ya jirani ambayo hakuna aliyemwomba aitengeneze. Hajigambi. Hiyo ndiyo aina mbaya zaidi ya majigambo. Mama humwita "mwanangu." Mimi huniita "msomi wetu," na hutazama pembeni akisema hivyo.

Nikasema asisumbuliwe, nitaitengeneza mimi. Nina shahada. Siyo ya kompyuta, lakini shahada ni shahada.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa simu wa pale kona. Nikamweleza kwa mpangilio: dalili, chanzo, muktadha. Hakuinua macho. Akasema hiyo inataka kupigwa windo tu, yaani iwekewe mfumo mpya, na nimletee. Nikamuuliza kama kuna hatari yoyote kwa vilivyomo. Akasema, "Hatari ipo hata kuvuka barabara, dada." Mwanafalsafa. Sikumpelekea.

Mfumo mpya unahitaji flashi iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine. Kompyuta nyingine niijuayo ni ya shemeji. Basi nikaenda kwa dada kumsalimia. Dada akashangaa, maana huwa simsalimii mpaka nialikwe. Nikaomba laptopu ya shemeji nitume barua ya dharura. Akaniuliza dharura gani, ya posa? Nikacheka zaidi ya ilivyostahili.

Shemeji akapita nyuma yangu akiwa amebeba mtoto. Akaona kioo. Akasema taratibu kwamba kama kuna mashine inasumbua, yuko tayari, shemeji yangu, wakati wowote. Nikamjibu kuwa ni mambo ya utafiti. Akasema sawa. Hakuuliza zaidi. Ungwana wake unachosha.

Nimerudi nyumbani na flashi. Kompyuta haikuitambua. Nimekuja kusoma kwamba faili la mfumo halibebwi tu kama picha ya harusi. Lina namna yake ya kuandikwa kwenye flashi. Kesho itabidi nikamsalimie dada tena.

Alhamisi, 6 Machi

Dada amekula kiapo kwamba nina mimba au nina deni. Nikamwachia achague.

Flashi sasa iko sawa. Lakini ili kompyuta iwakie kwenye flashi lazima ubonyeze kitufe fulani mara tu inapowashwa, na kila kiwanda kina kitufe chake. Nilivijaribu kimoja kimoja. Kisha viwili viwili. Mwisho nikaweka viganja vyote kwenye kibodi kama mpishi anayekanda unga, na mlango ukafunguka. Sitajua kamwe kilikuwa kipi.

Mama alipita akaniuliza ninafanya nini. Nikasema naifanyia usafi. Akasema yeye hufanya usafi kwa kitambaa.

Kompyuta imeniuliza niuweke wapi mfumo mpya. Kumbe diski ina sehemu mbili. Ya kwanza ndiyo iliyoharibika. Ya pili ndimo zilimo nyimbo. Niliitambua kwa ukubwa wake. Nikachagua ya kwanza. Ikakataa. Ikasema diski haikupangwa kwa namna inayofaa. Nikarudia. Ikakataa kwa maneno yaleyale, bila hata kubadilisha sauti.

Ningempigia shemeji. Naliandika hili ili ieleweke kuwa wazo lilinijia. Nililiona likija, nikavuka upande wa pili.

Ijumaa, 7 Machi

Inawaka!

Naiandika tena: inawaka. Mtu mmoja kwenye mtandao, msomi bila shaka, alieleza kwamba tatizo kama langu huisha ukifuta sehemu zilizopo na kuiacha diski ijipange yenyewe. Maelezo yalikuwa marefu. Niliyasoma jinsi tunavyofundishwa kusoma chuoni: mwanzo, mwisho, na katikati kwa kukisia. Kompyuta ikauliza kama nina hakika. Hakuna kitu nilichonacho kwa wingi kuliko hakika.

Sasa ni nyepesi kama unyoya. Unabonyeza, inatii. Nimeshusha mihadhara yote niliyokuwa naitaka, na filamu kadhaa za kujipongeza. Mama akauliza kama mgonjwa amepona. Nikamwambia amepona na anakimbia. Akasema, "Kumbe msomi wetu ana mikono." Ameniambia hivyo akinitazama usoni. Nimeirudia sentensi hiyo jikoni, peke yangu.

Kesho asubuhi namfungulia wimbo wake.

Jumamosi, 8 Machi

Hamna.

Sehemu ya pili haipo. Diski ni moja, nyeupe, pana, na ndani yake mimi tu na mihadhara yangu. Mama huyaita mafaili yake kwa namna yake: "Leo." "Leo nyingine." "Hii." "Hii ndiyo." Nimetafuta yote. Nimetafuta hata "Siyo hii," ambalo alikuwa hajawahi kulifuta kwa kuwa alilionea huruma.

Nimempigia shemeji. Nilizungumza kwa ufupi na kwa heshima, halafu nikalia, halafu nikakata, halafu nikampigia tena nikasema laini ilikuwa mbaya.

Amekuja wakati Mama yuko zamu. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama nilizitoa nyimbo kwanza. Akaeleza kwamba diski ya mashine isiyowaka huchomolewa, huunganishwa kwenye laptopu, vitu vinahamishwa, ndipo unaigusa. Alisema kazi hiyo ni ya muda wa kunywa chai. Angeweza kukaa kimya kuhusu chai.

Akaendesha programu ya kufukua vilivyofutwa. Majina yakarudi! "Hii ndiyo" ikatokea kwenye kioo, nikamshika mkono shemeji, jambo ambalo sitalizungumzia tena. Tukaifungua. Ikanguruma kama mashine ya kusaga, kisha sekunde chache za mhadhara wangu mmoja, mwanamume akisema "kama tulivyoona." Shemeji akaeleza kwa upole kwamba vilivyofutwa hukaa palepale mpaka uweke vingine juu yake. Mimi niliweka filamu.

Akajitolea kumwambia Mama kwamba diski ilikufa yenyewe. Nikakataa. Si kwa sababu ya ukweli. Sikutaka awe mwema zaidi ya alivyo tayari.

Dada ameniandikia kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Niliomba faraja, nikapewa methali ya darasa la tatu.

Jumapili, 9 Machi

Nilijiandaa kumwambia Mama baada ya chakula. Nilikuwa na utangulizi. Hata sijaufikia mwisho, akasema anajua tangu Jumanne. Ndugu wakifichwa mgonjwa wao, alisema, ujue hali si nzuri. Alikuwa ananipa nafasi tu.

Akauliza kitu kimoja. Hata ya kwanza?

Nikasema hata ya kwanza.

Alitazama ile kompyuta. Kisha akakichukua kitambaa chake cha kufuma, akakikunja mara mbili, akakipeleka chumbani kwake. Hakufunga mlango kwa nguvu. Afadhali angeufunga kwa nguvu.

Nimejichunguza sana leo. Tatizo langu si ujinga. Mimi hufikiri vizuri sana, ila baada ya tukio.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemsindikiza Mama mazoezini. Hakuniomba, nilibeba mkoba wake nikawa nimeshafika.

Kwaya hukutana kwenye chumba cha kufulia, kwa kuwa ndicho chenye mwangwi. Wanasimama kati ya mashine na mashuka. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne wanazikumbuka, walikwishajifunza. Ya kwanza hawakujifunza kamwe, maana ilikuwa ya spika. Mama akajaribu kuwaimbia kwa chini, kwa sauti aliyobakiwa nayo, akionyesha kwa mkono inapopaswa kupanda. Mkono ulipanda. Sauti ikabaki.

Mhudumu wa maabara mwenye kifua kipana akaimba kile alichodhani mkono ulisema. Wenzake wakamfuata. Kilikuwa kizuri. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Inafanana."

Mpishi wa hospitali akamtania kwamba mkuu wa kwaya anastaafu, wimbo nao umestaafu. Wote wakacheka, Mama pia. Mimi nikatoka nje kutazama mashuka yakikauka.

Njiani nikamwomba radhi tena. Akasema wimbo haukupotea, wimbo uko kichwani mwake. Akatembea kidogo. Akasema ila yule aliyekuwa anauimba, alikuwa anapenda kumsikia.

Nilihamisha mkoba bega la pili.

Jumatano, 12 Machi

Miujiza ipo.

Leo mchana kaja mhudumu wa maabara. Mwaka jana, kumbe, alikuja kwetu siku moja Mama anarekodi, akakaa kimya pale mlangoni na kurekodi kwa simu yake, kwa kuwa aliipenda sauti yake. Simu ile ilipasuka kioo, ikatupwa. Kadi yake ya kumbukumbu aliiokoa. Kaitafuta kwenye droo za nyumba nzima tangu Jumatatu. Akaniwekea kiganjani, ndogo kuliko ukucha. Akasema hana nyingine, niitunze kama jicho.

Nimeisikiliza. Ni yeye. Sauti ya kwanza, mwanzo mpaka mwisho. Pale inapopanda, inapanda kweli, bila kuuliza mtu. Nilikaa sakafuni. Mama yuko zamu na hajui. Ataisikia jioni hii, na keshokutwa wataisikia wote.

Kasoro moja tu. Feni. Inasikika nyuma yake wimbo mzima, feni ya sebuleni ikikwaruza, ile ambayo shemeji alikuja kuitengeneza baadaye. Siwezi kumpa Mama sauti yake ikiwa na feni ndani. Si baada ya yote niliyomfanyia. Nimepata programu inayosafisha kelele. Nimesoma maelezo yake, mwanzo na mwisho.

Shemeji ameandika. Dada alimwambia habari za kadi. Anasema hongera, na kwamba kabla sijaigusa nimpelekee, atengeneze nakala mbili tatu. Anasema tafadhali. Amesema mara mbili.

Sitamjibu. Nakala ni za watu wasiojiamini, na hii safari nataka iwe kazi ya mikono yangu. Isitoshe Mama anakaribia kutoka zamu.

Programu inauliza kama iandike juu ya rekodi ya zamani. Swali zuri. Mtu asiye makini angekubali papo hapo. Mimi safari hii nimelisoma mpaka mwisho, taratibu, neno kwa neno, ndipo nikakubali.