Wanyama Wangu na Nyumba ya Somanda

Jumatatu, 24 Juni 1996

Meneja mpya kaja. Anaitwa Anatoli, katokea Mwanza, anavaa soksi nyeupe hata kwenye vumbi letu la Somanda, hapa Bariadi. Kampuni yake imenunua ghala la ushirika, mizani ya ushirika na nyumba zote za ushirika, pamoja na hii ninamoandikia. Mimi, Joakim Ndaki, karani wa pamba kwa ujana wangu wote, nilipunguzwa kazini mwaka jana. Nyumba walisahau kuninyang'anya. Leo wamekumbuka. Mwisho wa Julai tuwe tumetoka.

Mke wangu Nyanjige akauliza tutakwenda wapi. Nikasema Mungu ni mkubwa. Akasema hilo analijua, anachouliza ni chumba. Tukikosa kabisa itakuwa Nkoma, kwa mama yake. Mwanaume mzima nikalale kwa mama mkwe! Afadhali nilale juu ya mizani.

Ila meneja kasema na neno zuri. Siku hizi soko huria, wanunuzi binafsi wamejaa kama inzi, kila mmoja anataka mkulima amuuzie yeye pamba. Kwa hiyo anatafuta kikundi cha sanaa kizunguke vijijini msimu mzima kuitangaza kampuni. Kitakachoshinda Sabasaba kitapata kazi na lori la kusafiria. Kiongozi wake atapewa nyumba. Nikauliza nyumba ipi. Akasema hiyo unayotoka.

Mimi ni msanii. Sijawahi kumwambia mtu, lakini ni msanii.

Jumatano, 26 Juni

Igizo tayari. La nyimbo mwanzo mpaka mwisho. Wanyama wa porini wanakimbia ukame, wanatafuta mahali salama pa kuishi. Tembo, pundamilia, kobe, fisi. Kila wanakofika wanafukuzwa. Mwishoni wanapokelewa kwenye ghala la meneja Anatoli, wanaimba kuisifu bei yake ya pamba. Nililia nikiandika.

Januarius naye kaingia mashindanoni. Huyu ni mwalimu wa kwaya, ana meno mengi kuliko anavyohitaji. Kaleta bugobogobo, vijana wanarusha majembe juu na kuyadaka. Ngoma ya babu zetu. Nikamwambia dunia imebadilika, watu wanataka vitu vipya. Akayaonyesha meno yote.

Shida ni fisi. Hakuna anayetaka kuwa fisi. Huku kwetu fisi ni usafiri wa wachawi, kila mtu anajua. Bundala, aliyekuwa mbeba marobota, kakubali tembo, na akasema hata nyani yuko tayari, lakini fisi hapana, ana watoto wadogo. Mwisho Nyanjige akasema atakuwa yeye. Eti wakimwita mchawi si jambo jipya, walishaanza walipoona bado anakaa na mimi.

Jumamosi, 29 Juni

Tumekwenda Nkoma, kwa lori la mizigo tulilodandia, kufanya jaribio mbele ya wakulima. Kosa langu la kwanza, kama ni kosa. Watu wa Nkoma wanaishi na tembo. Si wa kwenye picha, wa kwenye shamba.

Bundala akatoka na mkonga wake wa gunia, akaimba kwa uchungu wimbo wa nipeni pa kulala. Bibi mmoja akasimama akauliza kama ni tembo huyu huyu aliyemmalizia mahindi. Bundala, badala ya kuendelea, akaomba radhi! Akasema hatarudia. Wakamfukuza mpaka ng'ambo ya shamba la pamba, na mkonga wake umebaki huko. Pundamilia akauliza tuendelee? Nikamwambia tupande lori.

Mama mkwe alikuwepo. Alicheka mpaka akakaa chini. Tukiaga akamwambia Nyanjige kile kibanda cha ndama ameshakifagia.

Jumanne, 2 Julai

Nimetafakari. Nilikuwa nahangaika na sanaa bure.

Mashindano ya ngoma ya kwetu hayana majaji. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, kimoja upande huu wa uwanja, kingine upande ule, na watu wanakwenda wanakotaka. Mwenye watu wengi kashinda, yamekwisha. Kinachotakiwa ni watu tu. Na kila manju, yule kiongozi wa ngoma, ana dawa yake ya mvuto. Januarius ni mtu wa kanisani, hatathubutu. Mimi pia ni wa kanisani, ila nina shida ya nyumba.

Nimekwenda Bukundi kwa mganga. Kanipa kichupa cha mafuta meusi. Nyanjige akakifungua, akasema haya ni mafuta ya kondoo yaliyooza. Nikamwambia asiseme mambo asiyoyasomea.

Ijumaa, 5 Julai

Dawa inafanya kazi.

Nilipaka jukwaa lote na mavazi yote. Asubuhi nimekuta imevuta mbwa wote wa Somanda. Wamekula mkia wa tembo, wamekula masikio ya pundamilia, wamekula gamba la kobe, lililokuwa kikapu kizuri cha jirani. Kobe kajiuzulu. Ngozi ya fisi tu ndiyo hawakuigusa. Nao wanaogopa.

Nyanjige kalia. Nikasema mbwa ni mbwa tu, asijali. Akasema halii kwa ajili ya mbwa. Anataka siku moja alale mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja kumwambia ondoka. Basi, kingine hataki. Iliniuma sana. Nikamwambia nyumba hii nitaishinda, akae humu mpaka azeeke. Sikuwa na mpango wowote, lakini nilimaanisha.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba.

Tulianza pamoja. Januarius upande wa magharibi, mimi mashariki. Jembe la kwanza liliporushwa juu, watu wangu wote wakageuza shingo. La pili liliporushwa, wakaondoka. Tukabaki na muuza miwa, naye ni kwa sababu baiskeli yake ilikuwa na pancha. Meneja Anatoli akawa anavuta kiti chake, taratibu, kuelekea magharibi. Nikaiona nyumba inaondoka na kile kiti.

Hapo nikapata akili. Nikapanda kwenye jukwaa, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga mwano.

Mwano ni yowe letu la hatari. Ng'ombe wakiibwa, mtu akivamiwa, unapigwa, na ukiusikia unaacha hata chakula, unakimbilia unakotoka. Usipokwenda, sungusungu, walinzi wetu wa jadi, watakutoza faini. Hakuna wa kubaki nyuma. Ngoma ikakatika. Uwanja mzima ukanijia mbio, wakiwemo wachezaji wa Januarius na majembe yao. Januarius mwenyewe alikuwa wa nne. Nimeshinda! Nilisema hivyo kwa sauti.

Nilichosahau ni kwamba kila anayeusikia mwano anaupokea na kuupeleka mbele. Ukafika sokoni. Ukavuka, ukashika vijiji. Wakaanza kuingia wanaume kwa baiskeli, pinde begani, jasho linawatoka. Mzee Ngassa, mtemi wa sungusungu, akaniuliza ng'ombe wa nani wameibwa. Nikasema hakuna aliyeibiwa. Akauliza basi kafa nani. Nikasema hakuna, ni igizo, pundamilia ndiye anayeomba msaada.

Mzee Ngassa akalitazama jukwaa. Hapo mtu mmoja akaona nyuma ya pazia kuna fisi, akapiga kelele. Pinde zote zikavutwa. Nilitaka kusema huyo ni mke wangu, mwenyewe akaniwahi.

Fisi akatoka taratibu. Akapiga magoti mbele ya Mzee Ngassa, akainamisha kichwa, akasema mwadila, baba.

Mzee akiamkiwa hivyo kwa magoti hawezi kukaa kimya, hata aliyemwamkia akiwa fisi. Mzee Ngassa akaitikia mwadila, mayu, yaani mama. Wanaume wote wakaitikia. Nyanjige akavua kichwa cha ngozi, akauliza habari za nyumbani, habari za mifugo, wakajibu moja moja na pinde zao mkononi. Halafu, bila kuulizwa, akaimba wimbo wa fisi. Kila mlango ninaobisha naulizwa natoka wapi, hakuna anayeniuliza nimechoka kiasi gani. Niliuandika ili watu wacheke. Hakucheka mtu. Waliopunguzwa kazi ushirika walikuwepo pale, na wafugaji waliohamishwa mara mbili tatu. Mzee Ngassa akalaza upinde wake chini, akakaa. Wote wakakaa. Bundala akaja bila mkia, akaomba pa kulala, na safari hii wakamwambia aingie.

Sijawahi kuona umati wa namna ile Bariadi. Meneja alisimama juu ya kiti.

Jumatatu, 8 Julai

Baraza la sungusungu limekaa. Kupiga mwano wa uongo faini yake ni dume la ng'ombe. Sina dume. Sina hata kuku. Basi nimetengwa mpaka nilipe. Nisisalimiwe, nisisemeshwe, nisiuziwe hata chumvi. Atakayenisemesha naye atatoa dume.

Nikawaambia lakini nimeshinda. Mzee Ngassa aliwageukia wenzake, akazungumza habari za mvua.

Meneja Anatoli naye kaamua. Kikundi kimeshinda kwa wingi wa watu, kazi kinapata. Ila hawezi kumweka kiongozi ambaye wakulima wamekatazwa kusema naye. Kiongozi ni Nyanjige. Nyumba imeandikwa jina lake. Na kwa kuwa kikundi kinahitaji mwalimu wa nyimbo, kachukuliwa Januarius. Haya yote nimeyasikia nikiwa nje ya dirisha la ofisi yake.

Alhamisi, 11 Julai

Tumebaki nyumbani kwetu. Nyanjige kapaka kuta chokaa, anaimba kutwa nzima. Usiku analala usingizi mzito, hajalala hivyo tangu nipunguzwe kazi. Nafurahi, kwa kweli.

Ila sheria ya sungusungu anaishika kuliko amri za Mungu. Ananiwekea ugali, haniangalii. Kaka zake walikuja jana kusema wana dume, wanaweza kunikomboa hata leo. Akawajibu hakuna haraka, wamnenepeshe kwanza. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale.

Lakini sijakaa bure, nimeandaa mpango wa ziara. Fisi wa ngozi hatoshi. Tunahitaji fisi wa kweli, mzima, ndani ya lori. Watu watakuja wenyewe, mwano wa nini? Nimemweleza Bundala, akatazama tairi. Nimemweleza Januarius, hakuonyesha hata jino. Nimemweleza meneja, akafunga dirisha. Nyanjige nimemweleza mara mbili, kwa utaratibu, na mwisho nikauliza waziwazi kama kuna mwenye pingamizi. Hakusema neno.

Katika maisha yangu sijawahi kupata mpango ambao hakuna hata mtu mmoja aliyeupinga. Kesho asubuhi naenda Bukundi kwa yule mganga. Habari za kutengwa kwangu bado hazijafika huko, na fisi anaye.