Msumari Kando ya Kikombe cha Baba

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeamua! Wiki hii naipandisha mashua yangu, Bersaba, hadi Penvose, pale maji ya bahari yanapokoma kuufuata mto, na kurudi kwa maji hayohayo. Nina miaka hamsini na minane, nimezaliwa mdomoni mwa mto huu, na sijawahi kupita kona ya pili.

Anayefika Penvose huandika jina kwenye daftari la gatini, na kikombe chake hutundikwa ukutani klabuni. Kando ya kikombe cha marehemu baba upo msumari mtupu. Aliupigilia mwenyewe siku niliyozaliwa. Kila nikinywa bia naukodolea macho. Naona aibu, sitaficha.

Ndio msumari wa mwisho ukutani. Na jirani yangu Clemo Nance ameshaanza kuupigia mahesabu. Jana alileta kikombe kuona kama kitaenea. Kina picha ya paka!

Jumatatu, 20 Oktoba

Safari ya majaribio. Sitaki kuiongelea.

Basi, nitaiongelea. Jedwali la maji huchapishwa kwa saa za majira ya baridi, na bado tuko kwenye saa za kiangazi. Unatakiwa kuongeza saa moja. Hata watoto wanajua. Mimi sikuongeza. Nikakwama matopeni mbele ya dirisha la klabu, saa nzima, nikingoja maji ambayo jedwali liliapa yameshafika. Korongo mmoja akaja kusimama karibu, akanitazama kama mkaguzi.

Nance akatoka na chai yake. Akauliza kama nimepanda viazi. Akasema vyaelea vimeundwa, Denzil, lakini hicho chako naona kimepandwa. Nikajifanya nasafisha makasia.

Jumatano, 22 Oktoba

Dada yangu Thirza amekuja na pai ya nyama na maneno yake. Kasikia habari ya Penvose. Kaniuliza kama nakumbuka wito.

Nakumbuka, nani asiyekumbuka? Pale Kona ya Msitu mto hubana sana. Zamani kila mashua iliita jina lake, la mwenyewe na la inakokwenda, isije ikagongana na inayoshuka. Siku hizi hakuna kinachoshuka. Watu bado wanaita.

Nikamwambia hizo ni imani za kizamani. Thirza akaweka uma chini. Akanikumbusha Jago Pender, rafiki yake baba, aliyepita pale kimya kwa ubishi. Mashua ilirudi peke yake na maji, makasia yamelazwa vizuri, kofia yake juu ya kiti. Jago mpaka leo hajaonekana. Nikauliza huo msitu unafanyia nini majina ya watu. Akasema: “Wewe unajulikana, basi. Ukijulikana, unarudishwa. Sasa kula, mdogo wangu, pai inapoa.”

Nilikuwa kwenye kipande cha pili wazo liliponijia. Nitaita, ndiyo. Lakini nitaita jina la Nance! Kama kuna kitu msituni kinataka mtu, kimfuate yeye na paka wake. Akili ni nywele, na mimi sina upara.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nguo bado zimelowa ukungu. Naandika hivyohivyo.

Maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, ukungu mzito, niliondoka kulipopambazuka. Saa moja nimeiongeza, mara mbili nimehakiki. Sweta la kijivu, kofia nyekundu. Mkondo ulinibeba vizuri mno. Hakuna ndege aliyelia.

Pale Kona ya Msitu nikapaza sauti: “Elowen! Nance! Naenda Penvose!” Elowen ndiyo mashua yake. Mwangwi haukuja. Nikapiga makasia mara nne. Ndipo ukaja, polepole, kama mtu anayenakili: Elowen. Nance. Penvose.

Kisha, karibu zaidi: Watu wawili.

Nilikuwa peke yangu! Lakini mpiga makasia hutazama alikotoka. Omo, yaani pua ya mashua, iko mgongoni mwake. Na omo ikazama kidogo, vile inavyozama mtu akikaa. Sikugeuka. Nina baridi yabisi ya shingo, daktari anajua.

Nikafika Penvose. Nimefika! Kwenye gati hapakuwa na mtu, ila sanduku la bati na daftari ndani. Nikafungua ukurasa. Imeandikwa tayari: Elowen, C. Nance, watu wawili. Wino unang'aa kama mbichi. Nikaufuta kwa kidole, kidole kikatoka safi. Nikaandika jina langu chini yake, karatasi imelowa, penseli ikaichana tu. Maji yakaanza kugeuka. Kubaki kungekuwa kubaki hadi jioni, na pale sibaki hadi jioni hata kwa vikombe mia.

Wakati wa kushuka, nilipoipita ile kona, mashua ikawa nyepesi ghafla.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mwenyekiti, Bibi Angove, alilifuata daftari kwa gari, akalisoma mbele ya klabu nzima. Nance akasema haiwezekani, jana alilala hadi saa tatu. Kisha akabadilika rangi. Akasema aliota amekaa kwenye omo ya mashua, katika ukungu, akitazama mgongo wa mtu mwenye kofia nyekundu anayepiga makasia vibaya sana. Sweta lina tundu chini ya bega la kushoto. Na asubuhi alikuta matete yamejisokota kwenye kamba ya Elowen, na huku chini hakuna matete.

Nikaruka. Nikapiga kelele kwamba ni mimi, ndiyo mimi, tundu ndilo hili! Bibi Angove akauliza mbona basi daftari linasema Nance. Ikabidi nieleze. Wakacheka hadi vikombe vikagongana ukutani. Thirza hakucheka. Alisema mchimba kisima huingia mwenyewe.

Bibi Angove akaamua: daftari ni daftari. Paka akatundikwa kando ya baba. Nilitaka kulia. Nililia, chooni.

Jumapili, 26 Oktoba

Leo saa zimerudishwa nyuma. Nimepata saa moja ya bure, nimeitumia kupanga.

Bibi Angove kanihurumia. Nikifika Penvose kihalali atapigilia msumari mpya, upande wa pili wa kikombe cha baba. Nitakwenda Machi, kwenye bamvua kubwa. Kosa langu nimeliona: ni kutaja jina. Ukitaja, linaandikwa, halafu unaletewa abiria. Safari hii nitapita kimya kabisa.

Thirza kanishika mkono kanililia Jago. Nimemwambia Jago hakuwa na mpango.

Nance naye kabisha hodi asubuhi, hajanyoa, hata hakunitania. Kaniomba nisiende. Kaota tena yuko kwenye omo, lakini safari hii mgongo haupo. Kuna kofia nyekundu tu, juu ya kiti. Wivu! Msumari mmoja haumtoshi.

Hata hivyo mimi si mtu wa kupuuza ushauri. Nimeishonea kofia kamba ya kufungia kidevuni.