Kitabu Chenye Faharasa Hakitanii

Jumanne, 15 Julai 2025. Kilosa.

“Hakuna anayemjua Yared Msimbe kuliko Samson, mpiga besi wake.” Kaandika Casmir, mwenyekiti wa mashabiki wa Mikumi, kwenye kundi letu la WhatsApp. Upuuzi! Mimi namsikiliza Yared tangu kidato cha pili. Roki ya nchi hii ni Yared; wengine wanapasha spika moto tu.

Nimefika ukurasa wa sitini na moja wa kitabu cha maisha yake. Samson anamwambia mwandishi: “Yared ni mwizi wa kuku. Gitaa la kwanza alitoroka nalo msibani. Akifa, kitanda chake nachukua mimi, mkewe abaki na chandarua.” Nimekifunga kitabu. Nimekifungua tena. Bado imeandikwa!

Jumamosi Yared mwenyewe anakizindua kitabu Mikumi. Atakayemkaribisha jukwaani ni mimi, na nitamsafisha jina hadharani. Nimemwandikia Casmir.

Jumatano, 16 Julai

Shamimu, mdogo wangu, kaja asubuhi. Shikamoo dada, marahaba, nikamsomea ukurasa. Kacheka hadi kanga ikamdondoka. Akauliza, huyo Samson si Mnyamwezi? Ndiyo. Na Yared si Msagara kama sisi? Ndiyo. “Sasa dada Mwanne, hao si watani? Ulitaka amsifie?”

Nikamweleza kwa utulivu (yeye anadai nilipiga kelele) kwamba utani ni wa misibani na harusini. Kitabu chenye faharasa hakitanii!

Casmir kajibu. Haiwezekani. Atakayemkaribisha Yared ni Samson. Samson! Mzushi ampokee mwizi wa kuku! Nimefuta. Ampokee mtu asiye mwizi wa kuku.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango wa pili. Nimempigia Samson kwa sauti ya kiofisi. Nikajitambulisha kuwa katibu wa maandalizi, nikamwambia shughuli imehamia Ruaha, kule kwenye miwa. Akauliza mimi kabila gani. Nikasema Msagara, sioni aibu. “Ala! Mtani! Ndiyo maana nimesikia harufu ya uongo tangu useme haloo.” Akakata simu huku anacheka.

Hana adabu. Na huyu ndiye shahidi wa mwandishi?

Jumamosi, 19 Julai. Mikumi.

Nimewahi mapema, nikakalia kiti cha Samson jukwaani. Casmir kanisihi nishuke, dada yangu tafadhali, unanivunjia shughuli. Sikushuka. Nikachukua kipaza sauti. Nikausoma ukurasa wote, nikamgeukia Samson, nikamwita mzushi, mchonganishi, mtu ambaye besi yake inalia kama lori lililoshindwa mlima.

Nilitaka wamzomee. Wakashangilia! Samson kalala chini, kajipaka vumbi, kamwomba Casmir alete shuka, huyu Msagara azikwe kabla hajaoza. Nikasema sitanii. Wakashangilia zaidi.

Na Yared? Analia kwa kicheko. Yared wangu! Miaka yote hii, na neno la kwanza aliloniambia ni: “Dada, umeua! Nikija Kilosa mwezi ujao, unanikaribisha wewe.” Kisha akaninong’oneza kwamba kuku alimwiba kweli. Kule kijijini Chanzuru. Jogoo.

Jumapili, 20 Julai. Kilosa.

Shamimu anasema nimepata nilichokitaka, sasa ninyamaze nikashone gauni. Hapana! Jukwaa nimepewa kwa sababu isiyo sahihi, na nitalitumia kwa iliyo sahihi. Hotuba nimeshaianza. Sura kwa sura, Samson kakosea wapi. Chandarua nimekipa aya nzima.

Kuhusu jogoo, msimamo wangu haujatikisika. Yared hakuiba. Anajisingizia, wakubwa wana unyenyekevu wa namna hiyo. Akirudia maneno yale mbele ya watu wa Kilosa, nitamkanusha yeye mwenyewe, palepale, akiwa na gitaa lake begani.

Wanachama wa Mikumi mtakaokuja, na hasa wewe Casmir, nawaagiza: kaeni viti vya mbele, fungueni ukurasa wa sitini na moja, na asicheke mtu!