Mama Mapazia na Wakala wa Krediti

Msomi alikuwa kwenye kantini ya chuo, akinywa chai aliyonunuliwa na mtu asiyemjua vizuri, pale karani wa ofisi ya usajili alipoketi meza ya jirani na kuanza kumwaga hasira zake kwa mhudumu.

Kabla ya hasira za karani, tumalizane na hilo jina. Msomi hakuwa msomi. Jina alijipa mwenyewe, akalivalisha miwani isiyo na nguvu na mkoba wa ngozi uliobeba mkate wa jana. Hakuwahi kumwibia mtu kwa nguvu. Aliona ni ushamba. Yeye watu walimpa wenyewe, tena wakamshukuru, na akiondoka walimpungia mkono.

"Wamenichosha!" karani alikuwa anasema. "Chuo kimeongeza kozi nne kwenye shahada ya biashara. Kozi zenyewe ni za wanaoanza mwaka huu. Hawa wa zamani watamaliza kwa masharti waliyoyakuta siku walipojiunga. Ni haki yao! Nimebandika tangazo mlangoni. Lakini tangu asubuhi wanalia dirishani kwangu utadhani kuna msiba. Hakuna anayesoma! Nimefunga dirisha, nimekuja kunywa chai."

Tuwe waungwana, tuwatetee hao wanafunzi kidogo. Tangazo lilikuwa la kurasa tatu, kwa herufi za kuchosha macho, na lilianza kwa kutaja nyaraka nyingine sita ambazo msomaji alitakiwa kuzirejea. Mtu mwenye akili timamu alifika mstari wa pili akaamua kulia tu.

Msomi akaweka kikombe chini taratibu. Moyo ulimdunda kama wa kijana aliyeona mchumba. Watu wote wale wana hofu moja, na dawa yao imeshabandikwa mlangoni, bure, na hakuna aliyeinywa! Mtu akikaa karibu na mlango huo akasema dawa ni yake, nani atambishia?

Mchana huohuo alikuwa chini ya ngazi za ukumbi wa mihadhara, mkoba magotini, akiongea kwa sauti ya chini kama anayepokea siri za serikali.

"Kozi nne? Naweza kuziondoa," alimwambia kijana mmoja mwenye macho mekundu. "Nina mtu wangu huko juu."

"Juu wapi, kaka?"

"Juu." Msomi akatazama dari. Kijana naye akatazama dari.

"Na... unachukua kiasi gani?"

Msomi akaonyesha kuumia. "Mimi nichukue? Kwani mimi tapeli? Nenda kasome mtihani wako. Orodha ya wahitimu ikitoka, jina lako likiwamo, ndipo utanikumbuka kwa chochote. Lisipokuwamo, tusalimiane tu."

Hapo ndipo ulipolala utamu wa mpango. Wezi wengine huahidi kisha wakakimbia. Msomi aliahidi kisha akakaa, kwa sababu majina yangetoka yenyewe, kwa nguvu ya kanuni, hata kama yeye angeshinda amelala. Ilikuwa kama kuwauzia watu mapambazuko. Na aliwakataza kabisa kwenda dirishani kwa karani, wasije "wakamharibia mazungumzo."

Orodha ikatoka. Majina yote yamo! Wanafunzi walirukaruka kwenye korido, wakakumbatiana, wakambeba Msomi juu juu mpaka miwani ikaanguka. Zawadi zikamiminika: feni, pasi, spika kubwa mbili, godoro jipya, jozi za viatu, jiko la gesi na mtungi wake. Msomi alizipokea kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea mzigo wa wengine.

Ni katika shangwe hizo alipojitokeza Mama Mapazia.

Mama Mapazia alikuwa mwanafunzi kama wao, ila alikuwa na umri wa mama zao na duka la kushona mapazia mkabala na lango la chuo. Zamani alisoma miaka miwili chuo kingine, akaacha, akalea watoto, akawasomesha, wakaolewa na kuoa, ndipo akajiunga hapa kumalizia shahada yake. Chuo kilikubali krediti za masomo aliyokuja nayo, yaani kilimhesabia alichokwisha kusoma kule, isipokuwa somo moja: Takwimu. Bila Takwimu, hana shahada mwaka huu. Itabidi abaki mwaka mzima kuirudia.

"Mwaka mmoja si mwingi, mama," Msomi alimwambia kwa upole.

"Mwanangu, hujanielewa." Mama akamvuta pembeni, ingawa sauti yake haikujua pembeni ni nini. "Unamwona yule kijana mrefu, mpole, aliyeshika vitabu? Yule ni mkwe wangu. Amemuoa binti yangu wa mwisho. Tunasoma darasa moja, na hadi leo haketi mstari wangu kwa heshima. Sasa amefaulu kupita wote, chuo kimemwajiri. Kuanzia mwakani atakuwa mhadhiri msaidizi. Niulize wa somo gani."

"Wa somo gani, mama?"

"Takwimu!"

Darasa zima likashika mdomo.

"Nikae mbele ya mkwe wangu anifundishe!" mama aliendelea. "Aniulize swali nisijue! Asahihishe karatasi yangu, anipe sifuri, halafu jioni aje kwangu kunisalimia! Na akinipa alama nzuri, watu waseme kampendelea mama mkwe. Mwanangu, bora nizame ardhini."

Mkwe, kule alikokuwa, alikuwa ameshajificha nyuma ya nguzo.

"Ukinitoa kwenye aibu hii," mama akasema, "friji langu la dukani ni lako. Lile la milango miwili."

Msomi alilijua friji lile. Alikuwa amelitazama mara nyingi kupitia kioo, kwa macho ambayo mwanamume hapaswi kutazamia friji la mtu. Mate yakamjaa. Akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya katika kazi yake: alijibu kabla ya kuuliza.

"Mama, hesabu umehitimu! Nikishindwa, nawarudishia wote hawa zawadi zao."

Makofi yakapigwa. Mama Mapazia akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mungu akubariki. Na hizi zawadi, kwa nini usiziweke dukani kwangu hadi kazi iishe? Chumba chako hakina hata komeo, nasikia. Na mji huu, mwanangu, umejaa matapeli."

Msomi alikubali kuwa ni kweli, umejaa. Vijana wakabeba feni, godoro, jiko na vingine vyote, wakavipanga dukani, mama akafunga kwa kufuli mbili.

Siku zikapita. Msomi alikaa akisubiri kanuni imfanyie kazi kama ilivyomzoeza. Orodha ya pili ya wahitimu ikabandikwa. Mama Mapazia hayumo. Ndipo akafanya jambo ambalo, kwa alivyojua yeye, hakuna mtu pale aliyekuwa amelifanya: akasimama mlangoni kwa karani akasoma tangazo lote, kurasa tatu, midomo ikicheza. Masharti ya kuhitimu hujileta yenyewe, lilisema kwa lugha yake ngumu. Krediti za kuhamisha hazijileti. Lazima mtu azifuate.

Akagonga dirisha.

"Dada yangu, habari za kazi. Kuna mama mmoja, Takwimu yake imekataliwa..."

"Aliuliza sababu?" karani akamkata. "Ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Aliomba?"

"Haki? Bure?"

"Kwani haki huuzwa wapi?"

Msomi akaomba sababu hiyo kwa niaba ya mama.

Sababu ikapatikana: chuo kile cha zamani hakikuleta muhtasari wa somo, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kujua mama alifundishwa nini. Anaweza kukata rufaa, karani akasema, akileta muhtasari huo na mtu wa kumsemea mbele ya kamati.

"Na huo muhtasari uko wapi?"

"Huko alikosoma. Utaufuata."

Msomi alipanda basi. Yeye, ambaye hakuwahi kuamka kabla ya jua kumchoma, alifika chuo cha watu wakati milango inafunguliwa. Walimtuma ofisi ya kwanza, ikamtuma ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza. Alijaribu maneno yake yote matamu kwa mlinzi wa stoo, mzee asiye na haraka, na mzee akamsikiliza hadi mwisho kisha akampa ufagio, kwa sababu makabrasha ya miaka hiyo yalikuwa chini ya vumbi na mtu wa kulifagia hakuwepo. Msomi alifagia. Alipiga chafya hadi mbavu zikamuuma. Alipoupata muhtasari, aliubusu, akajikuta na buibui mdomoni.

Kwenye basi la kurudi, kwa kukosa la kufanya, aliusoma. Wastani. Sampuli. Uwezekano. Alipofika kwenye uwezekano akaketi wima. Mambo haya aliyajua! Alikuwa ameyafanya maisha yake yote, ila hakuna aliyemwambia kuwa yana jina.

Mbele ya kamati alijitambulisha kuwa mdogo wake mama. Mwenyekiti, mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyekundu, akaupekua muhtasari.

"Naona neno uwezekano. Lakini je, walifundishwa kwa kina, au walipitishwa juu juu?"

"Kwa kina, mwenyekiti. Tazama ukurasa wa pili." Msomi akasahau kujifanya. "Chukua karata tatu. Moja inashinda. Mtu akichagua mara nyingi, atapoteza mara mbili katika kila tatu. Yeye anadhani ana nafasi sawa, kwa sababu anaona yapo mambo mawili tu, kushinda na kushindwa. Hapo ndipo... hapo ndipo mwenye karata anapopata chakula cha jioni."

Kamati ikacheka. Mzee mmoja wa kamati, ambaye ujanani alipoteza saa yake ya mkononi kwa mchezo huohuo, hakucheka. Lakini hata yeye alitikisa kichwa kukubali.

"Chuo kilimpokea mama huyu," Msomi akaendelea, na hapa sauti yake ilitetemeka kwelikweli, sijui kwa haki au kwa friji, "kikamwambia kitamhesabia alichosoma. Ushahidi huu hapa, amesoma. Mkimrudisha darasani, hamtamfundisha kipya. Mtamwaibisha tu mbele ya mkwe wake."

Mwenyekiti akaandika kwa kalamu nyekundu: Imekubaliwa.

Msomi alikimbia hadi dukani kama anayeelea hewani. Alikuwa ameshaona friji linavyoingia chumbani kwake, na kwamba itabidi godoro lisimamishwe ukutani.

Alimkuta Mama Mapazia anapiga pasi joho lake la mahafali. Kando yake mkwe ameketi, kwa heshima, nusu ya kiti. Friji lilikuwa pale linanguruma. Lakini feni haikuwapo. Spika hazikuwapo. Ule upande wote wa duka ulikuwa mtupu, umefagiliwa.

"Mama! Imekubaliwa! Na... vitu vyangu?"

"Wenyewe wamevichukua, baba," mama akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. "Niliwasomea tangazo la mlangoni. Polepole, neno kwa neno. Walikasirika sana. Walitaka kukufuata, nikawaambia mwacheni, ana kazi yangu, hajaimaliza."

Msomi akatafuta kiti. Hakikuwapo; mkwe alikuwa nacho.

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu ukiwa chini ya ngazi. Mkwe wangu alilisoma siku lilipobandikwa." Mkwe akainamisha kichwa kuthibitisha. "Lakini yeye hawezi kunisemea kwenye kamati, wangesema upendeleo. Na mimi nina mapazia ya ukumbi mzima wa mahafali, nitayaacha kwa nani? Nikajiuliza, ni nani hapa chuoni ana maneno mengi, ana miguu miwili, na hana kazi?"

"Na friji? Mama, uliahidi mbele za watu!"

"Mwanangu, krediti ni haki yangu. Ulitaka kuniuzia haki yangu?" Akazima pasi. "Kama una malalamiko, kata rufaa."

Mkwe akakohoa ndani ya kiganja. Ilikuwa ni kicheko, lakini alikilea vizuri mbele ya mama mkwe.

Msomi alisimama pale mikono mitupu. Alijaribu kukasirika na hasira ikagoma kuja. Kila alipoikaribia, alikumbuka kalamu nyekundu ikiandika, na kifua kikamjaa kitu ambacho alilazimika kukiita furaha. Alikuwa ameingizwa mjini, na alikuwa ameishinda kesi. Hakujua aanze na lipi.

Mama Mapazia akalivaa joho, akajigeuza mbele ya kioo, kisha akaja kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Asante, mwanangu. Kweli kabisa. Umenivua aibu ambayo ningekufa nayo. Hakuna aliyewahi kunipigania hivyo."

Watu wengi walikuwa wamemshukuru Msomi, lakini hii ilikuwa mara ya kwanza shukrani kuwa yake. Ilimgusa vibaya. Alisikia pua inamwasha, akasema haidhuru, mama, ni kazi ndogo tu.

"Ndogo?" Mama akamkazia mkono, na uso wake ukang'aa. "Basi nafurahi, kwa maana nina dada yangu. Alihama vyuo viwili, maskini. Masomo yake yametawanyika kila mahali, na huko hakuna hata basi la moja kwa moja..."

Msomi akachomoa mkono. Alipita mlango, akaruka mfereji, akavuka barabara bila kutazama magari, mkoba ukimpigapiga mgongoni. Wanafunzi waliokuwa langoni walipisha wenyewe. Nyuma yake Mama Mapazia alikuja mbio na joho lake limejaa upepo, mkwe akifuata kwa umbali wa heshima, na mama akiita kwa adabu zote:

"Mwanangu! Ngoja kwanza! Ni masomo saba tu!"