Mfungeni Shemeji Yangu, Japo Kidogo

Kwa Mheshimiwa Jaji uliyemwachia huru dobi wa mtaa wetu,

YAH: HUKUMU ILIYONIHARIBIA NYUMBA

Shikamoo Mheshimiwa. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na wote wa nyumbani mwako, na kwamba mama watoto bado yumo ndani. Wangu hayumo, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinatazamana na cha dobi, na nina runinga kubwa niliyoifunga juu ya kioo ili mteja aangalie mbele, asigeuzegeuze kichwa nikamkata sikio. Hapo ndipo tulipotazama "Doa Lisilotoka", makala ndefu ya sehemu sita iliyoonyesha jinsi mwenye nyumba mmoja wa mtaani kwetu alivyokutwa amekufa chini ya ngazi, na jinsi dobi, mpangaji wake wa chini, alivyomsukuma. Wewe ukasema hakumsukuma. Ukasema mzee aliteleza, ngazi ilikuwa imelowa mvua, daktari ameeleza, na dobi wakati huo alikuwa anapeleka mashuka nyumba ya wageni. Mheshimiwa, nakuheshimu, lakini ulipokuwa unayasema hayo sisi tulikuwa tumeshaimaliza kesi zamani.

Dobi mwenyewe ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu, tumbo moja. Kwa hiyo usinidhanie nina chuki. Nampenda. Nilimtia hatiani kwa uchungu mkubwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hukutazama makala. Nasikia uliwaambia mawakili ya runinga yabaki kwenye runinga. Sisi tuliitazama na kuirudia, na pale kwenye ngazi tulirudisha nyuma mpaka betri za rimoti zikafa. Ungetazama ungeuona mkono wa dobi unavyotetemeka ukishika kitasa cha mlango. Mke wangu alinieleza kwamba ule ni mkono wa mwigizaji, kwamba kaka yake ana kovu la pasi kwenye kidole gumba na mkono ule ulikuwa laini kama wa bwana harusi. Nikamjibu kwamba mwigizaji hawezi kutetemeka vile kama mwenyewe hakutetemeka. Nililisema hilo mbele ya wateja na wote wakalikubali, hata yule aliyekuwa na povu masikioni.

2. Ulipuuza mashuka. Makala ilionyesha wazi kwamba asubuhi ya tukio, watu wengi hawajaamka, shemeji alikuwa anafua mashuka. Tena mengi. Tena kwa maji ya moto. Ngoma ikapigwa taratibu, picha ikasogea polepole kwenye beseni, na lile povu, Mheshimiwa, sijawahi kuona povu lenye hatia namna ile. Nilisimamisha mashine katikati ya kichwa cha mwalimu mmoja, akaenda kazini na upara wa upande. Ilibidi mke wangu anisute ndipo nikumbuke kwamba dobi hufua mashuka kila asubuhi, ndiyo kazi yake, na kwamba baadhi ya mashuka yale yalikuwa ya kitandani kwangu. Lakini swali langu liko palepale: mbona siku nyingine akifua haipigwi ngoma?

3. Hukuniita kutoa ushahidi, na mimi nilihojiwa sehemu ya nne yote. Walinikalisha kwenye kiti changu mwenyewe, wakazima taa moja, wakanikataza kutabasamu. Nikaeleza kwamba nimeshika shingo za watu maisha yangu yote, na shingo yenye siri naijua, na nilipomnyoa shemeji baada ya msiba shingo yake ilikuwa ngumu kama gogo. Nilieleza pia kwamba nilikuwa nimemwambia akaze shingo kwa sababu wembe ulikuwa mpya, ila hiyo waliikata. Siwalaumu, wana mambo mengi ya kuonyesha. Kwa maneno hayo machache nikawa mtu. Watu walivuka barabara kuja kunisalimia, wakaniita Shahidi, na jina ninalo mpaka leo ingawa siku hizi wakwe zangu wanalitamka kama wanatema mbegu ya chungwa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mimi nilijinyoa mbele ya kamera, na kujikata nikajikata.

4. Hukujali utulivu wake. Shemeji hakulia msibani. Alipiga pasi suti ya kumzikia marehemu, mstari wa suruali ukasimama kama rula, na chozi hakuna. Mama mkwe anasema alilia kwanza kule nyuma ya nyumba, akanawa uso, ndipo akashika pasi, kwa sababu huwezi kulilia nguo ya mtu unayemheshimu. Maelezo mazuri, na mama mkwe si mwongo. Lakini kamera haikuwepo kule nyuma. Sasa tufanyeje, tuanze kuamini machozi ambayo hayakuonyeshwa?

5. Hili la mwisho ndilo lililonivunja. Siku ya hukumu wakwe walikuwa wamejaa sebuleni kwetu wanasubiri simu, maana mama mkwe moyo wake hauwezi vyumba vya mahakama. Mimi kwa kujiamini nilikuwa nimeshamwambia ajikaze, yatakwisha, jela watu wanaishi. Nikaongeza ushauri kwamba kibanda cha dobi kisikae bure, yupo mteja wangu anayetafuta mahali pa kuuzia vipuri vya pikipiki. Niko katikati ya kueleza jinsi mteja huyo alivyo muungwana, simu ikaita. Yuko huru. Wakalia, wakakumbatiana, wakaangukiana makochini, na mimi nikabaki nimesimama na sinia la vikombe sijui niliweke wapi. Mama mkwe hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Aliniambia tu kwamba laiti jaji ningekuwa mimi, mwanawe angeozea ndani. Kisha mke wangu akafunga sanduku, akamsindikiza kaka yake na mama yao kwao, mji mwingine kabisa, kaka akapumzike. Kaka amesharudi na amefungua kibanda. Mke hajarudi. Neno aliloniachia ni kwamba hawezi kulala kitanda kimoja na mwanamume anayeshawishiwa na ngoma.

Nyumba imepoa, Mheshimiwa. Sitaki kukuficha: nimemkumbuka. Nimekumbuka hata kununa kwake, maana alikuwa akinuna unajua kuna mtu. Siku hizi nikifunga kibanda nazunguka mtaa mara mbili kabla ya kuingia ndani, na nikiingia nawasha runinga ili nisikie sauti.

Kwa hayo yote, ombi langu ni dogo. Sikuombi umfunge miaka. Mfunge kidogo, majuma mawili matatu, kwa kosa lolote utakaloliona linamfaa. Hata maji ya sabuni anayomwaga barabarani yanatosha. Nipate pa kusimama niwaambie wakwe kwamba dalili zilikuwepo, tulipishana kwenye kiasi tu. Chakula chake nitampelekea mwenyewe, kichwa nitamnyoa bure, na shingo yake sitaizungumzia tena popote.

Kama hilo ni gumu, basi isome hukumu upya, mara hii taa zikiwa hafifu na mtu akipiga kinanda nyuma yako. Ulitamka hana hatia mchana kweupe, kwenye chumba cha feni, huku umevaa miwani ya kusomea. Nani atakuamini? Nakwambia ukweli, wateja wangu mpaka leo hawampelekei nguo. Wanasema mahakama ilimwachia, sawa, lakini wao walimwona kwa macho yao. Namtazama kupitia kioo changu: anakaa mlangoni na pasi imepoa, akimwona mtu ana furushi anasimama, mtu akipita anakaa. Mimi naendelea kunyoa.

Nisalimie makarani wote, na wazee wa usafi wanaopanga viti, na yule askari wa getini aliyenitoa mkasi mfukoni siku niliyokuja kusikiliza kesi. Mwambie sina kinyongo, ila ule mkasi ni wa kazi. Mama watoto mpe salamu za pekee, na umtunze.

Wako mtiifu, ninayengoja haki inigeukie,

Kinyozi wa mkabala na dobi
(Shahidi)

Tanbihi: Bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeichana. Wale watu wa makala wamerudi, na safari hii kamera imetazama kibanda changu. Kumbe mtaa umekuwa ukijiuliza mke wa kinyozi yuko wapi. Hajaonekana tangu siku ile vilio viliposikika sebuleni kwao, na kinyozi ndiye mwenye nyembe. Mwalimu wa upara wa upande ameshahojiwa, ameeleza kwamba siku hizi nachelewa kwenda nyumbani na nina tabia ya kufagia kwa haraka. Nafagia nywele, Mheshimiwa.

Nimempigia mke wangu aje ajionyeshe. Amecheka mpaka akakohoa. Amesema yuko kwa mama yake, anakula, analala, na hana haraka, anasubiri aone makala itaishaje. Nikawaambia watu nimezungumza naye muda huu huu, wakaniambia ndivyo wanavyosemaga wote.

Kwa hiyo yafute yote ya juu. Faili langu likikufikia, nakuomba kwa unyenyekevu usiwashe runinga. Mwite daktari, waite mashahidi, pima neno kwa neno, ufuate ule utaratibu wako wote wa kuchosha, wala usiruke hata hatua moja. Mtaani hapa nimebakiwa na mtu mmoja tu aliyemwona mke wangu akiwa mzima baada ya siku ile, naye ni shemeji. Hata sikumwomba, sikuwa na uso huo. Alivuka barabara mwenyewe asubuhi ya leo, akasimama mbele ya kamera yao, akaapa kwamba dada yake yuko salama kwa mama yao na kwamba mimi ni mpumbavu lakini si mwuaji. Wateja wangu walijaa mlangoni kumsikiliza mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyemwamini.